Maji Nyuma ya Minyaa

Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya Matawi, jua likiwa limeinamia upande wa Malampaka, Philomena alijifunga kitenge, akachukua panga na kamba ya katani, akaenda kukata mitende kwa ajili ya maandamano ya kanisani kesho yake. Kigango chote cha Ngulyati kilitegemea mitende ya mahali pamoja tu: bustani ya mzungu.

Mzungu huyo alikuwa bwana mkubwa wa pamba enzi za ukoloni. Alipanda bustani yake kama mtu asiyetarajia kufa: mitende na jakaranda kwa ajili ya macho, mikomamanga na milimau kwa ajili ya meza, mchaichai kwa ajili ya chai, mwarobaini kwa ajili ya homa, na kuizunguka yote ukuta mnene wa minyaa. Alipoondoka, chama cha ushirika kiliirithi. Kisha ukaja mwaka ule wa soko huria, wanunuzi binafsi wakaingia na mizani zao, ushirika ukadhoofika, na nyumba ikauzwa kwa tajiri wa mjini ambaye hakuwahi kulala humo hata usiku mmoja. Pampu ya maji iling'olewa ikauzwa. Watunza bustani waliachishwa kazi. Mvua nazo zilikataa, mahindi yakanyauka yangali mafupi kama watoto waliodumaa.

Lakini bustani ilikuwa mbichi.

Hilo ndilo lililowakosesha watu usingizi. Tena ndani yake alibaki mtu mmoja tu, bibi Milembe, mjane wa mtunza bustani wa zamani, mwenye macho mekundu kama makaa.

Philomena alipofika njia panda alimkuta mdogo wake, Mahona, mkuu wa sungusungu, amesimama na upinde begani.

"Unaenda kwa yule bibi?"

"Naenda kwenye mitende."

"Ni huko huko, dada." Akasogea karibu. "Kesho baada ya ibada tunakaa kikao juu yake. Vijana wamekwisha kunoa mapanga. Kinachokosekana ni shahidi anayeaminika. Wewe ni kiongozi wa kina mama, neno lako moja linatosha. Musa mwenyewe aliamuru mchawi asiachwe hai."

"Musa huyohuyo alikataza ushahidi wa uongo, Mahona. Au ukurasa ule uliuvutia sigara?"

Mahona alicheka kidogo, kisha kicheko kikakatika. "Kwandu alifanya kazi mle ndani, dada. Akatoka na homa. Hakumaliza hata juma. Umesahau?"

Mama gani husahau? Kwandu alikuwa bintiye wa pekee. Philomena alimpita nduguye bila kujibu, na moyo wake ukaenda mbele yake kama ng'ombe aliyenusa maji.

Akaingia kwa upenyo wa minyaa. Kulikuwa kimya. Hata ndege hawakulia.

Kisha akasikia...

Shaa... shaa... shaa...

Maji. Mtu alikuwa akimwagilia waridi ng'ambo ya safu ya ndani ya minyaa. Harufu ya udongo uliolowa ikampanda puani, harufu ambayo wilaya nzima ilikuwa ikiiombea novena. Philomena hakushtuka bado. Alidhani ni mtunza bustani, kama alivyodhani mwanamke yule wa Magdala alfajiri ya Pasaka. Basi akafanya alivyolelewa kufanya. Msukuma hapiti mtu kazini bila salamu.

"Mwadila," akaita.

Maji yakanyamaza.

"Mwadila," sauti ikajibu, taratibu. "Wa nani wewe?"

Hivyo ndivyo mkubwa amuulizavyo mdogo, na mdogo hutaja jina la baba yake ili ajulikane ametoka ukoo gani. Ulimi wa Philomena ulitii kabla akili haijaamka.

"Wa Malimi."

Kisha sauti ikasema, kwa upole uliomsimamisha nywele:

"Malimi ni babu yangu."

Ilikuwa sauti ya binti. Lakini imeuliza kama mkubwa...

Philomena akapiga magoti, akainama, akachungulia chini ya matawi. Aliona keni ya kumwagilia, ya bati, imetoboka kitako kwa kutu. Ilimwaga maji tena, na maji hayakwisha. Kando yake aliona miguu miwili iliyopakaa tope. Juu ya kifundo cha mguu wa kushoto kulikuwa na kovu jeupe lenye umbo la jani.

Kovu la uji wa moto. Yeye mwenyewe ndiye aliyelipaka asali.

Kinywa chake kikafunguka ili kuita. Kiganja kikavu kikakiziba kutoka nyuma.

"Usimtaje," Milembe akanong'ona. "Mwanangu, nakusihi. Usimtaje jina."

"Ni wangu," Philomena akalia ndani ya kiganja.

"Wa kwako ulimzika, ukamwombea. Huyu sijui ni nani. Ukimwita atageuka, na mimi niliwahi kuita." Akamgeuza uso mbali na minyaa. "Nilimwita mume wangu. Aligeuka. Sitakuambia nilichokiona mahali pa uso."

Mahali fulani kwenye mikomamanga mtu alikohoa, kikohozi kikavu cha mvuta tumbaku. Milembe akafumba macho.

"Ni yeye. Kila jioni. Mimi hupalilia asubuhi na kupogoa minyaa hii. Utomvu wake ndio ulionichoma macho, wao wanasema ni uchawi. Aliyewaleta hapa simjui. Nilikuta tu udongo umelowa."

"Kwa nini usiondoke, mayu, mama yangu?"

"Nani atamsikia akikohoa?"

Philomena alitazama macho yale mekundu, akaona kwamba yanalia. Akakata mitende yake akiwa amegeuza uso, na nyuma yake maji yakaanza tena.

Shaa... shaa...

Hakuita. Mungu peke yake ajua gharama ya kutokuita kule.

Kesho yake, baada ya ibada, wanaume walimzunguka uwanjani, matawi mikononi, mapanga viunoni. Wale wale waliotoka kuimba Hosana! Roho yake ilipasuka kati. Neno moja tu, na bustani itachomwa, na huenda mtoto wake akapumzika. Neno hilo hilo, na kichwa cha mjane kitapasuliwa.

"Sema, dada," Mahona akasema. "Umemwona anafanya nini?"

"Nimemwona analia," Philomena akajibu. "Nimemwona mjane anayepogoa minyaa mpaka macho yamechomeka. Uchawi kwake sikuuona. Na atakayemgusa atakuwa amenawa mikono pamoja na Pilato, hata akiwa mdogo wangu wa tumbo moja."

Mahona akatazama chini. Mmoja baada ya mwingine, wakatawanyika.

Milembe angali hai. Bustani ingali mbichi. Nani aliyewaweka wale mle, tajiri, mzungu, au huzuni yetu wenyewe isiyotaka kumwachia Mungu walio wake, hakuna aliyejua Ngulyati nzima.

Lakini Philomena alikwisha kutaja jina la baba yake, na jina likaonyesha njia ya kwake.

Jioni sasa, jua likiinamia, udongo wa uani kwake hulowa bila mvua, kando ya ukuta wake wa minyaa. Mche wa waridi umeota hapo, hakuupanda mtu. Naye huketi ndani na rozari, amebana mlango, akisikiliza.

Shaa... shaa...

Kisha maji hunyamaza, na sauti anayoipenda kuliko zote chini ya mbingu huuliza, taratibu:

"Wa nani wewe?"

Philomena huuma pindo la kitenge chake kwa nguvu, asije akaitika.