Mkono wa Wifi

Mama Pacha aliikoroga chai yake, kisha akaisahau mezani. Mlangoni pacha wake walikuwa wanagombania kiatu. Siku nyingine angewatenganisha kwa neno moja. Asubuhi hiyo aliwatazama kama watoto wa jirani.

"Mama, huyu kavaa changu."

"Vaeni chochote mtakachokipata."

Mumewe akageuka. "Wewe unaumwa?"

"Siumwi."

"Tangu wakupe usimamizi hujamaliza hata kikombe cha chai. Wenzako wakipanda cheo wananenepa."

Mama Pacha alicheka nusu, akachukua mkoba wake. Angemwambia nini? Kwamba anamwogopa wifi, dada wa mumewe huyohuyo? Kwamba kila akifumba macho anauona mkono wa wifi umeingia kwenye mashine?

Alifanya kazi katika kiwanda cha kufulia nguo. Shuka za hospitali na hoteli ziliingia humo chafu na kutoka zimenyooka. Wifi yake ndiye aliyemtafutia kazi hiyo. Ndiye pia aliyemfundisha kukunja shuka bila kuacha kona nje. Halafu meneja akatafuta msimamizi, akamchagua Mama Pacha. Wifi alimpongeza mbele za watu. Siku iliyofuata akaanza kumwita Bosi Mdogo, na jina likamganda.

Mashine kubwa ya kupiga pasi ilikuwa katikati ya ukumbi. Ilikuwa na rola mbili za chuma, za moto, zinazozunguka pamoja. Watu wawili walisimama mbele yake na kuingiza shuka. Rola ziliivuta na kuitoa upande wa pili ikiwa kavu. Mbele ya rola palikuwa na fimbo ndefu ya chuma. Mkono ukisogea karibu mno huigusa fimbo, na mashine husimama papo hapo.

Lakini fimbo ile ilikuwa imefungwa nyuma kwa kipande cha shuka kuukuu. Aliyeifunga ni wifi. Ikiguswa sasa, hakuna kinachosimama.

Mama Pacha aliiona mara tu alipoingia. Aliona pia vidole vya wifi vikipita karibu na rola, vikienda na kurudi, huku mwenyewe akipiga soga na mwenzake bila hata kutazama. Alifungua mdomo.

"Wifi."

"Naam, Bosi Mdogo. Tumekosa nini leo?"

Wanawake waliokuwa wakikunja shuka walicheka. Mama Pacha akasogea kwenye mashine.

"Hamna. Nenda ukapumzike kwenye kukunja. Nitaingiza mimi."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya kila siku. Badala ya kusema, alisimama yeye mahali pa hatari. Alifanya kazi ya wifi, na kazi ya usimamizi ikabaki bila mwenyewe. Siku hiyo shuka za hospitali zilichanganywa na mzigo wa hoteli. Meneja alimkuta ameinama mbele ya rola, jasho linamtiririka.

"Nilikuweka usimamie watu," meneja alisema. "Waingizaji shuka ninao. Ukiendelea hivi nitatafuta mwingine."

Mama Pacha alirudi nyumbani miguu mizito. Jirani yake alikuwa kibarazani anashona kifungo cha shati. Alikuwa muuguzi mstaafu, aliyewahi kusimamia wodi nzima. Mtaa wote walimwita Sista.

"Njoo ukae," Sista alisema. "Unatembea kama mtu anayepelekwa polisi."

Mama Pacha akakaa, akaeleza yote. Alipofika kwenye ile fimbo, Sista aliacha kushona.

"Unaogopa nini hasa?"

"Wifi atasema nimepewa cheo nikaota mapembe. Atanitangaza kwa ukoo mzima. Nitakaa wapi mimi katika nyumba ya kaka yake?"

"Sawa. Na mkono ukiingia kwenye rola, nani atamwambia mumeo?"

Mama Pacha alizungusha mkanda wa mkoba wake.

"Unadhani unamlinda kwa kusimama mahali pake," Sista aliendelea. "Ukienda chooni je? Ukiumwa na homa? Humlindi. Unaukimbia mdomo wake."

"Basi nimwambieje, Sista?"

"Kwanza, mwite peke yake kabla ya kazi kuanza. Mtu mzima hakosolewi mbele ya watu. Pili, sema ulichokiona kwa macho, na unachokihofia. Usiseme yeye ni mtu wa namna gani. Kisha muulize kwa nini, halafu ufunge mdomo umsikilize. Haya, mimi ndiye wifi yako. Anza."

Mama Pacha alijikohoza. "Wifi, samahani sana, najua wewe ni mkubwa kwangu, nisamehe kama nakosea, ila kama hutajali..."

"Nimeshalala," alisema Sista. "Tena."

"Wifi, wewe ni mzembe na utaniletea balaa."

"Sasa nimekurukia na mwiko. Tena."

Walirudia mara nyingi. Pacha walikuja kutazama, wakafukuzwa. Mwishowe Mama Pacha alisema maneno machache tu, yaliyonyooka.

"Bado naogopa."

"Sijakwambia usiogope. Ogopa, lakini useme. Na lingine. Kama kuna tatizo usiloliweza wewe, mpelekee meneja siku hiyohiyo. Ila usimpelekee kilio kitupu. Nenda na njia ya kulitatua."

Kesho yake Mama Pacha alifika kazini mapema. Alimngoja wifi kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Wifi alipoingia wakabaki wawili tu.

"Wifi, fimbo ya mashine imefungwa. Jana niliona vidole vyako karibu kabisa na rola. Naogopa utakatika mkono. Kwa nini mmeifunga?"

Wifi alimtazama juu mpaka chini. "Nani alikuingiza kiwanda hiki?"

"Wewe."

"Nani alikufundisha mashine hiyo?"

"Wewe, wifi. Na siku ile ya kwanza fimbo haikuwa imefungwa."

Wifi alivuta aproni yake kwa nguvu. Mama Pacha alitamani kusema neno lolote, hata kuomba radhi. Alikumbuka kufunga mdomo. Akauma meno, akangoja.

"Wewe unadhani naifunga kwa kupenda?" wifi alisema hatimaye, sauti imeshuka. "Fimbo yenyewe imelegea. Shuka nzito ikiigusa kidogo tu, mashine inazima. Tunakaa kungoja ipate moto upya, lori linafika, meneja anatupigia kelele. Nilimwambia msimamizi aliyepita. Akaniambia nijitafutie njia. Nikajitafutia."

Mama Pacha hakuwa na habari hizo. Siku zote alikuwa anahesabu makosa ya wifi kichwani, kumbe hakuwahi kumuuliza hata swali moja.

"Asante kwa kuniambia. Basi leo mashine hiyo haiwashwi mpaka fundi aitengeneze. Nakwenda kwa meneja sasa hivi. Wewe wapange wenzako watumie pasi za mkono, waanze na foronya na nguo za watoto wa hospitali. Hebu niambie, tumeelewana vipi?"

"Unaniuliza kama mtoto wa shule?"

"Nauliza nijue kama nimeeleweka."

Wifi alivuta pumzi. "Mashine isiwashwe. Tunaanza na foronya na nguo za watoto, kwa pasi za mkono. Haya nenda. Atakula nyama yako huyo."

Mlango wa meneja ulikuwa umefungwa. Mama Pacha aliinua mkono kubisha, akaushusha. Alifikiria kurudi. Kisha akaviona tena vile vidole, akabisha.

Meneja aliposikia mashine imezimwa, alisimama. "Umeizima kwa ruhusa ya nani?"

"Yangu. Fimbo ya usalama ni mbovu. Mtu atapoteza mkono." Alishika ukingo wa meza. "Naomba mambo mawili. Fundi aje leo. Na lori lifanye safari mbili. Asubuhi libebe nguo za hospitali, maana hizo ndizo haziwezi kungoja. Jioni libebe za hoteli. Nikipata simu nitawaeleza hoteli mwenyewe."

Meneja akasukuma simu ya mezani upande wa Mama Pacha. "Waeleze mbele yangu. Wakikataa, nakutoa kwenye usimamizi."

Hoteli walilalamika, lakini walikubali. Fundi alikuja mchana. Alipoitazama fimbo alitikisa kichwa, akauliza nani alikuwa akifanya kazi hapo. Wifi akainua mkono. Fundi aliutazama ule mkono, akainama kwenye kazi yake.

Wifi hakumsemesha Mama Pacha wiki nzima. Nyumbani alipita bila salamu. Mume wa Mama Pacha aliuliza kuna nini kati yao. Mama Pacha akamweleza, mara hii bila kuficha.

Halafu ikaja siku ya mvua, shuka zote zimelowa na kuwa nzito. Wifi alikuwa anaingiza shuka. Mkono wa sweta yake ulinasa kwenye pindo la shuka, na rola zikaanza kuuvuta. Alijaribu kujivuta, akashindwa. Mama Pacha alimwona kutoka upande wa pili wa ukumbi. Alikuwa mbali mno kumfikia.

Kiganja cha wifi kiligonga fimbo. Mashine ikasimama.

Fundi, aliyekuwa amekuja kukagua mashine siku hiyo, alizilegeza rola taratibu, sweta ikatoka imeungua mpaka kwenye kifundo cha mkono. Mkono ulikuwa mzima. Wifi alikaa sakafuni, akawa anavikunja na kuvikunjua vidole. Mama Pacha akakaa karibu naye.

"Sweta yenyewe ilikuwa ya kaka yangu," wifi alisema.

"Ndiyo. Siku nyingi nilitaka kuitupa."

Wifi alicheka, kisha akalia, na Mama Pacha akamshika mabega.

Mama Pacha bado anaogopa. Lakini husema mapema, na wafanyakazi humwambia mambo kabla hayajaharibika. Shuka za hospitali hazijachanganywa tena na mzigo wa hoteli. Meneja naye amemwomba awafundishe wasimamizi wa kiwanda cha pili.

Juzi alipita nyuma ya wifi, aliyekuwa anamwelekeza mfanyakazi mpya. Msichana yule alikuwa ameisimamisha mashine, na uso wake ulijaa woga.

"Umefanya vizuri," wifi alimwambia. "Sasa nenda kamwambie msimamizi umeona nini."

"Naogopa, mama."

"Nenda tu. Niko naye ukoo mmoja. Hang'ati."