Barua Iliyomzika Baba

"Mbona hamjafunga kitambaa cheusi mlangoni?" Mama Fidelia aliuliza.

Alikuwa amesimama kizingitini na mishumaa miwili mkononi, pamoja na kifuko cha majani ya koka ya kuwapa watu wa matanga watafune. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia. Sabina, msichana wa miaka kumi na miwili, aliushika mlango usifunguke zaidi, kwa maana marehemu mwenyewe alikuwa nyuma yake mezani, akinywa supu ya unga wa mahindi.

"Kwani nani amekufa?" Baba aliuliza.

Mishumaa ilimponyoka Mama Fidelia. "Yesu wangu! Nicanor!"

Mambo yalikuwa yameanza siku mbili kabla. Kama kila asubuhi pale Potosí, mji wa wachimba madini, Sabina alichemsha maji, akapasha viazi, akamfungia Baba chakula cha mgodini. Tangu mama yake afariki, kazi hizo zilikuwa zake. Kaka yake, Limber, alikuwa akikusanya daftari zake aende chuo kikuu, alikosomea uhandisi wa migodi. Kozi hiyo aliichagua Baba. Nicanor Choque alikuwa ameutoboa mlima wa mgodi miaka ishirini kama panya, naye aliapa kwamba mwanawe ataingia mle akiwa bosi, na kofia nyeupe kichwani.

"Baba," Limber alisema asubuhi ile, "nataka kuhamia uuguzi."

Baba alivua mkanda wake, ule mpana wa ngozi wanaofungia betri ya taa. Alimchapa Limber mgongoni, akamchapa kichwani, bakuli likaanguka na kuvunjika vipande vipande. Sabina alipomshika mkono, alirushwa ukutani, mdomo ukapasuka.

"Mwanaume mzima kufuta watu usaha!" Baba alinguruma. "Nitakuvunja mimi kwanza, halafu ujiuguze mwenyewe!"

Maombi ya kubadili kozi yalikuwa yanapokelewa hadi Ijumaa saa sita mchana. Atakayechelewa, angoje mwaka mzima. Kwa hiyo siku ileile ndugu hao wawili walikwenda kwa Mzee Teófilo, mpiga chapa anayekaa na mashine yake kwenye ngazi za mahakama. Yeye ndiye huwaandikia watu barua za ofisini.

"Sababu ya kuhama?" Mzee Teófilo aliuliza, vidole vikiwa tayari.

"Sababu binafsi," alijibu Limber.

Mzee alicheka. "Binafsi ni sababu ya watu wenye magari, kijana. Sisi wengine tuna ugonjwa au kifo. Chagua."

Sabina alilamba mdomo wake uliopasuka, akaonja damu.

"Baba yetu amekufa," alisema. "Mgodini."

Hakuwa amepanga kusema hivyo. Maneno yalitoka yenyewe, na yalipotoka aliona raha moyoni, na raha ile ikamtisha. Mashine ilianza kugonga. Limber alimtazama dada yake, kisha akaanza kuhesabu sarafu za kumlipa mzee. Barua ikatiwa kwenye jalada la njano, ikapelekwa chuoni.

Walisahau jambo moja. Aliyefagia ofisi ya chuo alikuwa Mama Fidelia, jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Akipangusa meza ya katibu aliona jina la Nicanor, akasoma polepole kwa kufuatisha kidole, akalia palepale na ufagio mkononi.

Sasa, pale kizingitini, alikuwa amekwisha kueleza yote. Baba alisukuma bakuli.

"Mmeniua," alisema kwa sauti ndogo. "Nikiwa hai."

Mgodini, mtu akitangazwa kuwa maiti, wenzake hawakubali kushuka naye. Husema mlima umeshamwita. Baba aliruka, akamkaba Limber shingoni, akambamiza mlangoni mara mbili. Damu ilimtoka kijana puani, ikachirizika hadi kwenye kola.

"Nani alisema nimekufa? Nani?"

"Mimi," Limber alijibu kwa sauti iliyokwama.

Baba alichomoa mkanda, ukamshukia usoni. Ukashuka tena. Sabina angeweza kunyamaza. Kaka yake alikuwa amekwisha kuubeba uongo ule. Lakini alitazama damu ile kwenye kola, ulimi ukakataa kulala.

"Mwache! Anadanganya! Ni mimi niliyemwambia mpiga chapa! Na nilisema kwa sababu nilitaka iwe kweli."

Baba alimgeukia na kuinua mkono. Mama Fidelia akaingia katikati, mkanda ukamshukia yeye begani. Hakulia.

"Piga tena, Nicanor," alisema. "Marehemu mume wangu hakuwahi kunigusa. Acha nionje leo."

Baba alirudi kitini kama mtu aliyekatwa miguu.

Mama Fidelia alimgeukia Limber. "Na wewe, unakimbia nini huko kwenye uhandisi? Sema kweli, mwanangu."

Limber alifuta pua kwa mkono wa shati. "Mama, siku mume wako alipoangukiwa na jiwe, sisi wanafunzi tulikuwa mle mgodini kwa mazoezi. Mimi ndiye niliyemshika. Damu ilimruka pajani, na mimi sikujua nibane wapi. Aliniuliza, 'Ni vibaya sana, kijana?' Nikamwambia si vibaya. Akanifia mikononi."

Mama Fidelia alikaa sakafuni. Mwaka mzima alikuwa hajui mumewe alifia mikononi mwa nani.

"Kumbe hakuwa peke yake," alisema. "Mungu ashukuriwe." Alipangusa macho kwa ncha ya shali. "Kweli kubwa hivyo ulikuwa nayo, ukaenda kuazima uongo? Sabina, lete daftari. Mwandikie kaka yako."

Ijumaa saa nne asubuhi, Limber na Sabina walisimama mbele ya katibu, wakakiri. Katibu aliwakaripia hadi masikio yakawaka.

"Kama ningekuwa nimeshaipiga mhuri hii, ungefukuzwa chuo, unasikia?" alisema, akairarua barua ya kwanza. Kisha akasoma ya pili, aliyoichapa Mzee Teófilo bila utani. Alisoma mara mbili, akaigonga mhuri.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Sabina alilisoma kwa sauti mezani, Mama Fidelia akiwepo: Limber amekubaliwa kusomea uuguzi.

"Umeona, mwanangu?" Mama Fidelia alimwambia Sabina. "Uongo wako nusura umfukuzishe kaka yako. Kweli yake ndiyo iliyomfungulia mlango. Ukiogopa, ita watu wakusaidie, usiite uongo." Halafu akamtazama Baba. "Na wewe, Nicanor, mtoto akichapwa kwa kusema kweli, kesho atakuletea nini? Mungu alikupa watoto, hakukupa punda."

Baba alikuwa amevaa tayari kwenda kazini, kwa kuwa habari za kifo chake hazikufika mgodini. Alisimama. Limber alirudi nyuma hatua moja. Baba alifungua mkanda, akachomoa betri na kuitia mfukoni, akauweka mkanda mezani mbele ya Mama Fidelia. Akachukua kofia yake ya mgodini, akatoka.