Slaidi ya Saba Imefichwa

Harufu ya ugoro ilianza pale Benigna alipobofya "Ficha Slaidi" juu ya picha ya shangazi Suzana akiwa ameketi kigodani. Nyumbani kwao Mjimwema hakuna aliyenusa ugoro tangu Suzana azikwe harakaharaka, bila matanga, kwa kuwa ukoo ulimwita mchawi. Sasa walikuwa wanamaliza msiba wa mama yake Benigna, na baba mdogo Hironimus alikuwa ameagiza picha zote zionyeshwe ukumbini, kasoro hiyo.

Benigna hakuwa na roho ya kuifuta. Aliificha tu. Kwenye onyesho la ukutani projekta ingeiruka, lakini kwenye mwonekano wa kupanga, slaidi zote zinapokaa pamoja ndogondogo, ilibaki pale imefifia, namba saba imekatwa mstari.

Asubuhi ya shughuli alizipitia mara ya mwisho pale ukumbini. Onyesho lilikuwa safi. Aliporudi kwenye kupanga, kigoda cha shangazi kilikuwa kitupu.

Shangazi alikuwa amesimama slaidi ya nane, nyuma ya babu. Benigna akafungua onyesho: babu yuko peke yake. Akarudi kwenye kupanga: shangazi yuko ya tisa. Ya kumi ilikuwa ya Dorine, binti wa pekee wa Benigna, akiwa na gauni lake la komunyo. Dorine mwenyewe alikuwa benchi la mbele, anampungia mkono.

"Baba mdogo, nakuomba," Benigna alinong'ona. "Tumtaje shangazi. Anamfuata mtoto."

"Mbona mimi ukutani simwoni?"

"Ukutani haonekani! Njoo utazame hapa kwangu."

"Anza, mwanangu. Usitutie aibu mbele za watu."

Benigna akabofya kuifichua saba, kompyuta ikakataa, akabofya tena na tena, akimwomba Mungu na Bikira Maria na shangazi mwenyewe, nisamehe, nichukue mimi, huku harufu ya ugoro ikizidi na machozi yakimziba macho, mpaka mstari ukafutika na Suzana akajaa ukuta mzima, ameketi kigodani, anatabasamu.

Watu wakaguna. Benigna akalitaja jina lake kwa sauti, akashusha pumzi, akatazama tena kwenye kupanga.

Namba kumi ilikuwa imekatwa mstari. Picha ya Dorine imefifia.

Akageukia benchi la mbele. Nafasi ilikuwa wazi.

"Dorine! Jamani, Dorine wangu yuko wapi?"

Baba mdogo akamshika bega kwa huruma.

"Dorine gani, mwanangu? Wewe hujawahi kuzaa."