Mililita Sita

Mwanamume anayevaa shati jeupe kwenda kununua pistoni hataki pistoni, anataka kutazamwa. Huyu aliitwa Injinia, jina alilojipa mwenyewe na kulirudia mpaka watu wakachoka kubisha. Adhuhuri ile duka la vipuri lilikuwa limefurika, kila mtu kaegemea kaunta na chuma chake mkononi, naye akimhutubia muuzaji kuhusu injini ya mashindano aliyokuwa akiijenga. Kompresheni, yaani mbano wa hewa na petroli, ni mara kumi na moja, hesabu zimo kitabuni, hakuna wa kumfundisha.

"Hicho kitabu kiliipima hedi yako lini?" iliuliza sauti nyuma yake.

Aligeuka akamwona dada mwenye ovaroli ya buluu iliyokunjwa mikono, kitambaa chekundu kichwani, hereni ndogo za fedha na alama ya grisi shavuni. Alikuwa fundi katika karakana ya mjomba wake, mtaa wa pili, kazi yake kusawazisha na kupima silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Mtu mwenye akili angejua kwamba amepata mwalimu. Injinia aliona hereni.

Basi wakapendana, maana mapenzi hayachagui mwerevu. Alimpigia simu mara nne kwa siku, kila mara akiuliza kama amekula, utadhani binti wa watu alikuwa hajui njia ya kinywa chake.

"Unanipenda mimi au mashine ya mjomba wako?" alimuuliza.

"Wewe, laazizi. Ingawa mashine hainuni."

Alinuna kutwa nzima.

Mwezi uliofuata Injinia alileta hedi yake karakanani. Uso wa hedi ulikuwa na mikwaruzo, ikabidi mashine iukwangue mpaka unyooke. Kisha dada alifanya alivyofanya siku zote. Alifunga valvu na plagi, akapaka grisi ukingoni mwa kila chumba cha moto, pale petroli inapowakia, akakifunika kwa plastiki ngumu inayopitisha mwanga, na kupitia kitundu akajaza spiriti yenye rangi kwa sirinji mpaka kiputo cha mwisho cha hewa kikatoka. Kitabu kilisema mililita arobaini na tano kwa kila chumba. Yeye alipata thelathini na tisa hivi.

Alimweleza polepole, kwa upendo ambao jamaa hakuustahili. Silinda inameza mililita mia tano. Ongeza chumba na nafasi ya gasketi, ule utando mwembamba chini ya hedi, mililita tano; kisha gawa kwa chumba na gasketi. Kwa namba za kitabu jibu ni kumi na moja, lakini kwa hedi iliyokwanguliwa linapita kumi na mbili, na petroli ya kawaida ikibanwa kiasi hicho hujiwasha yenyewe na kuila pistoni. Dawa ni gasketi nene zaidi kwa milimita moja. Akaandika 39 kwenye utepe mweupe, akaubandika juu ya hedi.

Sasa, mlangoni pale Injinia alikuwa amemwona mpinzani wake wa mashindano akinywa chai na mjomba, na mpenzi wake akicheka nao. Kichwa kilichoshindwa kugawa namba mbili kikaweza kujumlisha hilo papo hapo. Gasketi nene hupunguza nguvu, kwa hiyo dada ametumwa na mpinzani. Aliondoka na hedi yake, akaubandua utepe, akampigia simu dada.

"Nani kakwambia unidanganye?"

"Nani anitume kudanganya, na kwa lipi?"

"Niliwaona mkicheka."

"Tulikuwa tunalicheka shati lako."

Akakata simu. Angeishia hapo ningemwita mjinga tu, lakini alikwenda kwenye kaunta ile ile akatangaza kwamba karakana ile haijui kupima. Wiki hiyo wateja watatu walikuja kuchukua hedi zao. Mjomba, mtu mwoga kuliko wote waliowahi kushika spana, akamwambia mpwa wake aiweke chini sirinji na kukaa mapokezi mpaka maneno yapoe. Dada alilia nyuma ya mashine. Kilichomuuma zaidi ni kwamba jina lake la kazi, alilolijenga kwa miaka sita, limevunjwa na mtu aliyemwita laazizi.

Jumamosi ya mashindano injini, iliyofungwa gasketi ile ile nyembamba, ilianza kugonga mzunguko wa pili, kama kokoto ndani ya debe. Mzunguko wa tatu ikatoa moshi, ikazima. Marafiki waliokuwa wakimpigia makofi walikumbuka ghafla shughuli zao.

Jumatatu alifika mapokezi na pistoni iliyotoboka, ameifunga kwenye shati jeupe.

"Nimekuja kukuomba radhi, mpenzi. Nilikosa."

"Unaniomba radhi hapa, tukiwa wawili," alisema dada. "Kunivunjia heshima ulikwenda dukani."

Injinia alitaka kujitetea. Alimtazama machoni, akaghairi. Adhuhuri alisimama dukani mbele ya foleni, akainua pistoni ili tundu lionekane, akasema, "Yule dada alipima sawasawa. Mimi sikupima kabisa." Watu walicheka, na walikuwa na haki. Kabla ya saa kumi hedi mbili zilikuwa zimerudi karakana, na mjomba alikuwa akiapa kwamba hakuwahi kumtilia shaka mpwa wake.

Injinia aliporudi na hedi yake, dada alimkabidhi sirinji. "Pima vyumba mwenyewe. Vyote vinne."

Vitatu vilitoka thelathini na tisa. Cha nne alikijaza, akaitazama alama, akamtazama mpenzi wake. Kalamu ilianza kuandika 39, namba ya kumfurahisha. Ikasita. Akaifuta.

"Hiki ni thelathini na nane na nusu," alisema kwa woga. "Labda nimekosea."

"Hukukosea. Hata mimi nilipata hivyo kwa hiki; utepeni niliandika namba ya vile vitatu. Nilikuwa nikitaka kuona utaandika nini."

Injinia aliandika 38.5, akaiweka sirinji mezani. Kisha akasema anataka kumwoa.

Dada alifuta spiriti mezani bila haraka. Mwanamume huyu bado alikuwa na majivuno ya kutosha kuwagawia majirani, naye alilijua hilo vizuri. Na bado alimpenda.

"Kamwambie mjomba," alisema. "Ila ukienda, vaa ovaroli."