Damu Isiyofukiwa

Kilichomshtua Tunu kwanza ni usafi. Bafu la uani la wapangaji sita, pale Chang'ombe, halikuwahi kutakata tangu lijengwe. Kila mtu humsubiri mwenzake alisugue. Asubuhi ile tundu la kutolea maji lilikuwa jeupe, utelezi na nywele vyote vimetoweka. Nani huyu kapata akili leo? akajiuliza. Akaoga, akaenda kazini.

Kazi yake ilikuwa kupiga pasi kwa dobi, wima kuanzia saa mbili hadi magharibi. Miaka kumi na minane ya kusimama ilimjaza mishipa miguuni, imevimba na kujisokota kama kamba za magunia, na kidonda kifundoni kilichokataa kupona. Hospitali walimpa soksi za kubana na tarehe ya upasuaji, miezi minne mbele. Soksi kwenye joto lile la pasi? Alizivua siku ya pili. Mguu ndio uliomlisha, na alilia peke yake akiogopa utakatwa.

Ndipo akamwita Bi Ahlam wa Temeke, mwanamke wa hijama. Bi Ahlam akachanja mashavu ya miguu kwa wembe, akabandika vikombe, ikatoka damu nzito, nusu bakuli.

"Mwanangu, hii ifukie kwenye udongo, useme Bismillah. Usiimwage ovyo, ina wenyewe."

"Nimekusikia, mama."

Lakini udongo uko wapi? Mwenye nyumba alisakafia ua mzima, ukuta hadi ukuta. Tunu akaimwaga kwenye tundu la bafuni, akapiga maji, akaenda kulala. Asubuhi yake ndipo bafu likakutwa linang'aa.

Mguu ukapoa. Kidonda kikakauka, mishipa ikanywea, Tunu akatembea kwa madaha hadi wenzake wakamtania kaolewa upya. Baada ya wiki mbili Bi Ahlam akaja kuumika tena.

"Ile ya kwanza ulifukia?"

"Nilifukia, mama."

Bakuli la pili alilipeleka bafuni moja kwa moja. Moyo ulishamwambia kwamba si vikombe peke yake vilivyomponya. Akamwaga, akachutama, akasikiliza. Chini ya tundu kitu kililamba taratibu, kama ng'ombe alambavyo chumvi. Aliogopa sana, lakini hakumwambia mtu.

Jumapili, adhuhuri, wapangaji wengine wametoka, mlambo ule aliusikia chini ya kitanda. Chumba kilinuka udi na damu mbichi. Alipojifunua akakuta mapajani alama za duara, mahali ambapo hakuna kikombe kilichowahi kubandikwa, na miguu yote miwili ilikuwa ya baridi. Akampigia Bi Ahlam simu huku meno yakigongana.

Bi Ahlam akaja, akachanja. Haikutoka hata tone.

"Kuna mtu kanitangulia," akanong'ona. "Tunu, ile damu ulipeleka wapi?"

"Bafuni. Ua wote saruji, mama... Mara moja tu, mie sikujua."

"Basi hana haki. Alichookota si zawadi. Twende ukamkane, umwambie 'sikukupa'. Ukichelewa atapanda mpaka moyoni."

Wakavuka ua wameshikana mikono, Bi Ahlam akisoma kwa sauti ya chini, na kadiri walivyolikaribia bafu ndivyo harufu ya udi ilivyozidi na mlambo ule ulivyoongeza kasi, mpaka Tunu akashindwa kujua kama unatoka tunduni au ndani ya miguu yake mwenyewe, na jua la utosi likiwaka vile yeye alitetemeka kama mgonjwa wa malaria, akainama juu ya tundu, akasema:

"Sikukupa."

Mlambo ukakoma. Sauti ya kike, ya adabu, ikajibu kutoka chini ya saruji.

"Kweli, ile ya kwanza hukunipa. Nilijiokotea. Na ya pili, Tunu, uliyochutama ukanisikiliza nikinywa?"

Bi Ahlam akamgeukia Tunu, akamtazama usoni, kisha akauachia mkono wake. Baridi iliyokuwa mapajani ikavuka kiuno.