Moto wa Pili Langoni

Muda wote ule Shigeo alichuchumaa nyuma ya kamera, amebana pumzi picha isitikisike, kumbe hakubonyeza kitufe cha kurekodi.

Alikuwa amejifunza kwa bidii, maskini. Mikanda yake ya video ya zamani iliwatia wageni kizunguzungu, basi akanunua jarida la mafunzo: shuka hadi kimo cha mtoto, tuliza mkono. Na jioni ile ya Agosti, wafu wanaporudi kuwatembelea jamaa zao, huja mara moja kwa mwaka. Familia iliwasha moto wa vijiti langoni kumkaribisha marehemu babu, na Chinami, binti wa Shigeo mwenye miaka minne, akanyoosha mkono nyuma, akamwongoza babu asiyeonekana hadi kwenye madhabahu ya nyumbani.

"Tuwashe tena," Shigeo alisema.

"Una wazimu?" alifoka mama yake, Bibi Toyo. "Baba yako yuko ndani anasubiri chai. Huo wa pili unamwita nani?"

"Ni kwa ajili ya picha tu, Mama. Dakika mbili."

"Mwache apate picha yake, tukale," mkewe Masumi alicheka.

Wakawasha. Chinami alinyoosha mkono, akapiga hatua tatu, akasimama.

"Baba, mkono wake umelowa."

Picha ilitoka safi, haikutikisika hata chembe. Lakini mkono wa Chinami ulikuwa umeinuka kupita kichwa, kama ameshikwa na mtu mrefu sana, na kando yake sakafu ya mbao ilikuwa na nyayo za maji.

Kwa siku tatu nyumba ilinuka tope la mtoni, wali wa madhabahuni ukachacha kabla ya adhuhuri, na Chinami alikula na kulala mkono ukiwa juu, hauteremki hata Masumi auvute kwa nguvu zote huku analia, na kila alipouvuta yalisikika matone yakidondoka pasipokuwa na mtu, na mtoto akazidi kuwa baridi.

Siku ya kuwaaga wafu, Bibi Toyo aliwasha mioto miwili. Wa babu uliwaka vizuri. Wa pili ulifuka moshi tu.

"Mwachilie, mjukuu wangu," alinong'ona.

"Hataki, Bibi. Anasema hana kwao. Anasema twende wote."

Shigeo alipiga magoti. Alikuwa anaogopa mno, lakini aibu ilimzidi.

"Mtoto hakukuita. Nilikuita mimi, tena kwa upuuzi wa picha. Shika mkono wangu."

Mkono wa Chinami ukaanguka. Wa Shigeo ukapanda.

"Baba Chinami, jinasue!" Masumi alilia.

"Mwingize ndani, Mama Chinami. Funga mlango," alijibu kwa sauti ndogo, na miguu yake tayari ilikuwa inaelekea mtoni.

Mwaka uliofuata, Bibi Toyo alitoa vijiti amkaribishe mwanawe. Masumi alimpokonya kiberiti. Alimtamani mumewe kuliko kitu chochote duniani, lakini alijua hatakuja peke yake.