Asali Kwenye Mkanda

Kilichoanza kumsumbua Farouk ni harufu. Injini ya dizeli hunuka dizeli, hilo halina mjadala. Hii ya kwake ilikuwa inanuka tope bichi na asali.

Asali aliipaka mwenyewe. Alikuwa na mashine ya kusaga huko Hirbadaw, kando ya kijito, alikohamia na mkewe Raya baada ya tope la mlima kuimeza nyumba yao kule Jorodom. Raya alifukuliwa akiwa hai, lakini mapafu yake hayakupona, na sasa aliishi kwa mashine ya oksijeni. Umeme haukufika kwao. Basi Farouk akafunga jenereta jirani na injini, akavuta mkanda mpana kutoka gurudumu kubwa la injini hadi kwenye puli ya jenereta. Gurudumu likizunguka, Raya anapumua. Mkanda ukiteleza, taa inafifia, na Raya anajishika shingo.

Nao mkanda uliteleza kila siku. Wenzake hupaka lami. Yeye lami ilimwishia, na uchovu ulikwisha kumwingia mifupani, akachukua asali aliyokuwa akilamba Raya kutuliza kifua, akaupaka mkanda upande wa ndani. Ukashika, haukuteleza tena.

Asubuhi alikwenda kuongeza dizeli akakuta tanki kavu, limeshika vumbi. Injini inazunguka. Aibu kusema, lakini alichohisi kwanza ni nafuu. Aliketi juu ya gunia akafumba macho.

Mzee Sulle, mwenyeji wa pale, ndiye aliyemwamsha, amekuja kusaga mahindi. Farouk akamwamkia shikamoo. Mzee aliitika marahaba taratibu, akanusa, akabaki mlangoni.

"Asali umempa nani, mwanangu?"

"Ni mkanda tu, mzee. Ulikuwa unateleza."

Mzee Sulle akashusha sauti. Akaeleza kwamba kwao asali humwagiwa wanaokaa kwenye maji, pale mtu anapowaomba jambo, na anayewapa bila kujua huwa amewakaribisha kazini. Na wale hawajawahi kufanya kazi bure.

"Kata mkanda," akanong'ona. "Sasa hivi, jua likiwa bado juu."

"Na mke wangu?"

Mzee akarudi nyuma hatua moja.

Farouk alishika kisu. Alianza kusoma Ayatul Kursiy, akasogea hatua kwa hatua huku maji yakidondoka kutoka kwenye gurudumu ambalo hakuna aliyelimwagia maji, na tope likipanda kwenye mkanda, na kwenye tope alama za vidole virefu zikipita, zikizunguka, zikirudi, na kutoka chumba cha pili akisikia pumzi za Raya zikienda sawasawa na gurudumu, likiharakisha zinaharakisha, likipunguza zinapunguza, hata asijue tena kipi kinakivuta kipi.

"Farouk," sauti ya Raya ikaita kutoka chumba cha pili.

Kisu kilisita. Tangu waoane Raya hajapata kumwita kwa jina. Ni Baba Idd, siku zote Baba Idd, hata siku ile ya tope.

"Farouk, weka kisu chini, nimekaa kijitoni miaka mingi kwenye baridi na hapa pana joto, kazi yako naiweza, wala sitaki dizeli, ila asali imebaki kidogo, kesho ulete nyingine."

Yote hayo yalitoka kwa mkupuo mmoja. Raya, ambaye tangu tope lile hakumaliza sentensi bila kuhema, hakuhema hata kidogo.

Farouk aligeuka kumtafuta Mzee Sulle. Mlangoni palikuwa na gunia la mahindi peke yake.

"Raya yuko wapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Amelala. Mwache apumzike, amechoka kama wewe."

Mkanda ukaanza kulia, ule mlio wa kuteleza. Taa ikafifia. Chumbani kitanda kikatikisika, na sauti nyingine, dhaifu, ya mtu anayekosa hewa, ikaita, "Baba Idd..."

Kisu kikamdondoka. Akaiendea chupa ya asali, akaingiza vidole viwili, akakomba hadi chini.